KIFUSI CHA ZEGE KATIKA MSINGI WA NYUMBA: MAHALI PANAPOFAA NA MAHALI PASIPOFAA

Kila mwaka nyumba nyingi za zamani hubomolewa katika miji ya Kenya, na katika masoko ya mashambani pia. Nyingine hubomolewa ili mwenyewe ajenge kubwa zaidi. Nyingine kwa sababu barabara inapanuliwa. Na nyingine, kama ilivyotokea Nairobi mwaka 2018, kwa sababu zilijengwa kando ya mito mahali pasiporuhusiwa. Nondo huokotwa mara moja na kuuzwa kama chuma chakavu. Milango na mabati hupata wanunuzi siku ile ile. Lakini zege lililovunjika hubaki pale pale, chungu juu ya chungu, hata mwenye kiwanja akalazimika kulipa gari la kulizoa na kwenda kulitupa.

Wakati huo huo, pengine si mbali na hapo, yuko mtu anayehesabu fedha zake na kuona kwamba hazitoshi kununua mawe ya kujazia msingi wa nyumba yake. Basi ni haki yake kuuliza: Je, kifusi kile kinachotupwa hakiwezi kunifaa mimi?

Jibu ni kwamba chaweza kumfaa sana, maadamu akijua mahali pa kukitia. Mtu akikosea mahali, atakuwa ameokoa shilingi chache na kupoteza nyumba. Kwa hiyo makusudi ya makala haya ni kueleza, kwa wale wanaojenga wenyewe au pamoja na fundi mmoja, jinsi ya kukitumia kifusi cha zege bila kuhatarisha jengo wala watu watakaokaa ndani yake. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: faida kubwa ya kifusi iko mahali penye hatari ndogo, na faida ndogo iko mahali penye hatari kubwa. Mwenye kulishika neno hilo hatapotea.

SI JAMBO GENI

Kujengea mabaki si uvumbuzi wa leo. Warumi wa kale walichanganya vipande vya matofali yaliyovunjika na chokaa katika kuta zao. Huku kwetu pwani, kuta za Gede na za Lamu zilijengwa kwa vipande vya mawe ya matumbawe vilivyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa chenyewe kilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Baada ya vita vikuu vilivyokwisha mwaka 1945, miji mingi ya Ujerumani ilikuwa milima ya kifusi. Matofali yalisafishwa moja moja yakatumiwa tena, na yaliyovunjika yakasagwa yakawa kokoto za kufanyia zege jipya. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kitu cha zamani hakikosi thamani kwa sababu ni cha zamani. Ila yafaa kijulikane kimebaki na nguvu gani.

ZEGE LIKIVUNJWA HUWA KITU GANI?

Zege ni mchanganyiko wa vitu vinne: saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji ikikutana na maji haikauki tu kama matope yanavyokauka juani, bali hugeuka kuwa kitu kingine kigumu, nacho ndicho kinachoshika mchanga na kokoto pamoja. Mageuzi hayo hutokea mara moja. Saruji iliyokwisha kushika haishiki tena.

Neno hili lina maana kubwa kwa mjenzi. Wako watu wanaouona unga wa kijivu unaotoka katika zege lililovunjwa, na kwa kuwa una rangi ya saruji hudhani una nguvu ya saruji. Hivyo hupunguza saruji mpya katika mchanganyiko wao. Hilo ni kosa kubwa. Nguvu ya kushikamanisha iliyosalia katika unga huo ni ndogo mno, nayo haiwezi kutegemewa. Kifusi cha zege ni mawe tu. Kinaweza kuchukua nafasi ya mawe na kokoto, lakini hakiwezi kuchukua nafasi ya saruji hata kidogo.

Tena, ni mawe yenye tabia yake. Kila kipande cha zege la zamani kimevikwa saruji na mchanga wa zamani, na ndani ya vazi hilo mna vitundu vidogo na nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo kifusi hunywa maji kuliko kokoto za mawe magumu. Kokoto nzuri hunyonya maji kiasi cha sehemu 1 au 2 katika kila sehemu 100 za uzito wake. Kifusi cha zege mara nyingi hunyonya sehemu 3 hadi 10. Mtu asiyejua jambo hili atakitia kifusi kikavu katika mchanganyiko, nacho kitanyonya maji yote. Zege litakuwa kavu na gumu kukorogeka. Fundi ataongeza maji, kisha ataongeza tena, na zege lenye maji mengi kupita kiasi huwa dhaifu.

Wataalamu wa nchi nyingi wamepima nguvu ya zege lililofanywa kwa kifusi. Sehemu ndogo ya kokoto ikibadilishwa, tofauti huwa ndogo. Kokoto zote zikibadilishwa, nguvu yaweza kupungua kwa sehemu 10 hadi 25 katika 100, na pengine zaidi ikiwa kifusi chenyewe kilitoka katika zege duni. Ndiyo sababu kanuni za Uingereza, kwa zege la kawaida la majengo, zimeweka kikomo cha sehemu 20 katika 100 za kokoto, isipokuwa mhandisi ameruhusu zaidi.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano wa nyumba ndogo isiyo na ghorofa, yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, kuta za mawe zenye unene wa sentimita 20, na ukuta mmoja wa kugawa vyumba. Chini ya kuta zote tutamwaga zege lenye upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 20. Urefu wa mitaro yote ni mita 32 na kitu, na zege linalohitajiwa ni karibu mita za ujazo 3.9. Kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 3 na kokoto 6, zitahitajiwa kokoto zipatazo mita za ujazo 3.6. Tukiweka sanduku 1 la kifusi mahali pa sanduku 1 kati ya masanduku 6 ya kokoto, tutaokoa mita za ujazo 0.6 tu za kokoto.

Sasa tutazame chini ya sakafu. Eneo la vyumba ni mita za mraba 41 hivi. Kabla ya kumwaga sakafu, lazima litandikwe tabaka la mawe lenye unene wa sentimita 15, likashindiliwa. Hilo ni zaidi ya mita za ujazo 6 zilizokwisha kushindiliwa, yaani mita za ujazo zipatazo 8 za kifusi kama kinavyoshushwa garini. Uzito wake ni tani 10 au zaidi.

Msomaji na alinganishe: katika zege la msingi tunaokoa mita za ujazo 0.6, chini ya sakafu tunaokoa 8. Katika zege la msingi kifusi kinabeba kuta na paa. Chini ya sakafu kinabeba meza, kitanda na watu wanaotembea. Tena, kwa kujaza chini ya sakafu, kifusi huvunjwa vipande vikubwa kiasi cha ngumi, kazi ambayo watu wawili wenye nyundo huimaliza kwa muda mfupi. Kwa kutia katika zege, lazima kivunjwe kiwe kidogo kama kokoto, kichekechwe na kuoshwa, kazi ya siku nyingi. Basi ni dhahiri kwamba mwenye kifusi kidogo na nguvu chache akitumie chini ya sakafu kwanza. Huko ndiko faida ilipo.

KUCHAGUA KIFUSI

Si kila kinachotoka katika nyumba iliyobomolewa ni zege. Kabla ya kulipa gari, nenda ukakitazame kifusi mwenyewe, ukikigeuze kwa mikono. Vitu vifuatavyo visiingie katika msingi wako:

Mbao, matawi na makaratasi. Mbao huoza na kuacha shimo, na sakafu iliyo juu yake huzama. Tena mbao huwaita mchwa.

Jasi, yaani ule unga mweupe wa dari na wa lipu laini za ndani. Jasi ikikaa na saruji mahali penye unyevu huleta mabadiliko yanayoivimbisha saruji, na zege hupasuka bila mwenyewe kujua sababu.

Udongo. Kipande kilichovaa udongo hakishikwi na saruji mpya, kwa maana saruji hushika udongo badala ya kushika jiwe.

Vipande vya mabati na mabomba ya zamani yenye asibesto. Vumbi lake huleta maradhi mabaya ya mapafu baada ya miaka mingi. Usivivunje wala usivichukue; waachie wenye ujuzi na idhini ya kuviondoa.

Zege lililonywa mafuta, kama la gereji, na zege lililokaa katika maji ya chumvi. Chumvi haina madhara makubwa katika mawe ya kujazia yasiyogusana na chuma, lakini ikiwa karibu na nondo huleta kutu, na kutu huipanua nondo hata ikalipasua zege.

Baada ya hayo, lijaribu zege lenyewe. Ligonge kwa nyundo. Zege zuri hulia kwa sauti kali na kuvunjika vipande vyenye kingo. Zege baya hutoa sauti iliyofifia na kumomonyoka. Chukua kipande, ukikwaruze kwa msumari na kukibonyeza kwa vidole. Kikitoka unga mwingi, hicho ni cha kujazia njia ya kupitia, si cha kutiwa katika nyumba. Tia vipande vichache katika ndoo ya maji, uviache usiku kucha. Kinacholainika au kubomoka asubuhi kitupwe.

KUVUNJA NA KUCHEKECHA

Vumbi la zege lina chembe ndogo sana za mawe ambazo zikivutwa kwa pumzi hukaa mapafuni wala hazitoki. Kwa hiyo mwagia kifusi maji kabla ya kukivunja na wakati wa kukivunja. Funika pua na mdomo kwa kinyago kinachofaa kazi ya vumbi. Kitambaa ni afadhali kuliko kukosa, lakini hakitoshi. Vaa miwani ya kukinga macho, na viatu vigumu. Watoto wasikae karibu.

Ng'oa kila nondo na kila waya. Nondo za zamani zilizopindwa na kunyoshwa tena zisitumiwe katika nguzo za nyumba yako, hata kama zinaonekana nzima; ziuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kifusi cha chini ya sakafu kivunjwe hata kipande kikubwa kisizidi sentimita 10. Kile kitakachotiwa katika zege kivunjwe hata kipande kisizidi sentimita 4, na afadhali 2. Hiki cha pili kipitishwe katika chekeche lenye matundu ya nusu sentimita hivi. Kinachobaki juu ya chekeche ndicho kokoto. Kinachopita chini ni unga. Usiutumie mahali pa mchanga, kwa maana ndio unaonywa maji kuliko vyote. Uweke kando; utakuwa na kazi yake tutakapofika kwenye sakafu.

ARDHI KWANZA

Hakuna msingi ulio imara kuliko ardhi unaokaa juu yake. Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ingali imesimama, na sababu mojawapo ni kwamba imeketi juu ya mwamba wa matumbawe.

Katika nchi yetu udongo hutofautiana sana. Udongo mwekundu wa vilima vya Kiambu na Murang'a kwa kawaida hubeba nyumba ndogo vizuri. Lakini katika nyanda za Athi, katika sehemu za mashariki na kusini za Nairobi, na huko Mwea, upo udongo mweusi, ule unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Udongo huu huvimba ukilowa na hunywea ukikauka. Nguvu yake ya kuvimba ni kubwa kiasi cha kuinua sakafu na kupasua kuta.

Mahali penye udongo mweusi, kifusi si dawa. Mtu akitandika kifusi juu ya udongo huo, hata kiwe kizuri namna gani, mvua ikija udongo utavimba na kukiinua kifusi pamoja na sakafu. Dawa ni kuuchimba udongo mweusi wote na kuuondoa, chini ya kuta na chini ya sakafu pia, mpaka ifikiwe ardhi ngumu ya changarawe au mwamba. Ndipo nafasi ijazwe. Iwapo udongo mweusi unakwenda chini kupita mita moja na nusu, kazi hiyo si ya mtu na fundi wake tena. Mwiteni mhandisi, kwa maana huenda ikawa nafuu kujenga msingi wa namna nyingine.

Mahali penye ardhi nzuri, ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha chimba mtaro mpaka ardhi isiyobonyea kwa kisigino cha kiatu, na kwa vyovyote usipungue sentimita 60. Kitako cha mtaro kiwe sawa kwa pima maji. Mahali ulipochimba kupita kiasi, usirudishe udongo uliolegea, jaza zege. Mtaro wenye kina cha mita 1.2 au zaidi uwekewe mbao za kuzuia kingo zisiporomoke, kwani udongo unaoanguka juu ya mtu aliyeinama mtaroni humwua kabla hajafukuliwa.

KUMWAGA ZEGE LA MSINGI

Upana wa zege la msingi una sababu yake. Uzito wa ukuta hushuka na kusambaa upande huu na upande huu kadiri unavyokwenda chini. Kwa hiyo unene wa zege usiwe mdogo kuliko ile sehemu inayotokeza kila upande wa ukuta. Ukuta wa sentimita 20 ukikaa katikati ya zege la sentimita 60, zege linatokeza sentimita 20 kila upande. Basi unene wake nao uwe sentimita 20. Ukilifanya jembamba zaidi, kingo zitavunjika, na ule upana uliolipia utakuwa bure.

Kipimo kisiwe cha kukisia kwa sepetu. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye urefu wa sentimita 35, upana 33 na kimo 30. Ujazo wake ni sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Kwa kila mfuko, pima masanduku 3 ya mchanga, masanduku 5 ya kokoto mpya, na sanduku 1 la kifusi kilichochekechwa.

Siku moja kabla ya kazi, kilowesheni kifusi hicho mpaka kishibe maji. Asubuhi kiacheni kichuje, hata kiwe na unyevu ndani lakini kisiwe kinachuruzika. Hapo hakitanyonya maji ya saruji.

Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo utie kokoto na kifusi, kisha maji kidogo kidogo. Kwa mfuko mmoja, lita 25 hadi 30 hutosha. Zege likiwekwa chungu lisimame, lisitiririke kama uji. Limwage kabla ya saa moja kupita, ulishindilie kwa ubao ili hewa itoke. Usithubutu kuongeza maji ili kulifufua zege lililoanza kushika.

Baada ya hapo, lifunike kwa magunia au nailoni, ulimwagie maji kwa muda wa siku 7. Zege halihitaji jua, lahitaji unyevu. Wengi hulipa saruji ghali kisha wakalinyima maji wiki ya kwanza, nao hupoteza sehemu kubwa ya nguvu waliyoinunua.

Kwa kazi nyepesi, kama njia ya kupitia, kushikilia nguzo za uzio, au sakafu ya banda la kuku, waweza kutumia nusu ya kokoto kuwa kifusi, au hata zote, bila hofu.

KUJAZA CHINI YA SAKAFU

Kuta za msingi zikiisha kuinuka juu ya ardhi, ondoa udongo wote wenye mizizi ndani ya vyumba, ushindilie ardhi. Tandika kifusi kwa unene wa kutosha, vipande vikubwa chini na vidogo juu, ukishindilia kwa kishindilio kizito huku ukinyunyiza maji. Tabaka moja lisizidi sentimita 15. Ukihitaji kimo zaidi, maliza kwanza tabaka la chini ndipo uanze la juu. Yule anayejaza sentimita 40 mara moja na kushindilia juu tu, huacha mashimo chini, na baada ya mwaka mmoja sakafu yake hulia kama ngoma mtu akitembea.

Sasa ndio wakati wa ule unga uliobaki katika chekeche. Utandaze juu ya kifusi, uufagie uingie katika nafasi za mawe, ushindilie tena. Ongeza mchanga kidogo mpaka uso uwe sawa, pasiwe na ncha inayotokeza. Juu yake tandika nailoni nene ya kuzuia unyevu, vipande vikipandana, kisha mwaga sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10. Katika zege hili la sakafu tumia kipimo kile kile cha sanduku 1 la kifusi kwa masanduku 5 ya kokoto, au kokoto mpya tupu ukiweza.

Alama ya kazi nzuri ni hii: mtu mzima akitembea juu ya kifusi kilichoshindiliwa, hakuna kipande kinachocheza chini ya mguu wake.

MAHALI PASIPOFAA KABISA

Kifusi kilichovunjwa kwa nyundo nyumbani kisitiwe katika nguzo, katika mihimili, katika ngazi, wala katika sakafu ya ghorofa. Kisitiwe katika msingi wa jengo lolote la ghorofa, wala katika zege lolote lenye nondo linalobeba uzito wa jengo. Ni kweli kwamba katika nchi nyingine viwanda hufanya zege la majengo makubwa kwa kifusi, lakini huko kila shehena hupimwa na mhandisi hutia sahihi yake. Nyundo na chekeche la nyumbani haviwezi kutoa ushahidi huo.

Tusisahau yaliyotokea Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016. Usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa nyingi lililosimama karibu na mto liliporomoka, na watu wapatao 50 wakafa. Waliokufa walikuwa wapangaji. Hawakuchagua mahali pa kujenga, hawakupima saruji, wala hawakuulizwa. Anayejenga nyumba ya kukaliwa na wengine amebeba amana yao.

Kwa sababu hiyo, ramani ya nyumba ipelekwe kwanza kwa serikali ya kaunti ili iidhinishwe. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huandikisha makandarasi na kusimamia kazi ya ujenzi. Mwonyeshe mkaguzi kifusi chako na umweleze mahali unapokusudia kukitia. Asiye na la kuficha haogopi kuulizwa.

MANENO YA KUSHIKA

Msomaji anayekusudia kujenga na akate maneno haya ayaweke. Kwanza, kifusi ni jiwe, si saruji; usipunguze saruji kwa ajili yake. Pili, kitoe mbao, jasi, udongo na chuma. Tatu, kilowanishe kabla ya kukitia katika zege. Nne, katika zege la msingi wa nyumba isiyo na ghorofa, kisizidi sanduku 1 katika 6. Tano, kilichobaki kitie chini ya sakafu, tabaka kwa tabaka, ukishindilia. Sita, udongo mweusi uondolewe kwanza. Saba, nguzo na ghorofa ziwe za kokoto mpya na za mhandisi.

Mwenye kuyafuata hayo atapata mawe ya kujazia kwa gharama ya gari tu, na jirani yake aliyebomoa atapata kiwanja kisafi bila kulipia kutupa. Kabla ya kuagiza lori la mawe, basi, uliza ni nani mtaani kwenu anayebomoa mwezi huu, uende na nyundo yako na ndoo ya maji, ukakijaribu kifusi chake kabla gari la kutupa halijafika.